Damu ndiyo, kabila siyo

Korona ilipoingia kwenye nyumba moja ya Konde, kaskazini mwa Pemba, mwanzoni mwa 2021, iliwakuta wote chini ya paa moja lakini haikuwatendea sawa. Mzee mwenye nyumba, aliyekwisha kupita miaka sabini, alikohoa siku chache, akaamka akenda kuangalia mikarafuu yake. Mkewe hakupiga hata chafya. Mtoto wao wa kiume, fundi seremala wa miaka thelathini na kitu, asiye na sukari wala presha, mtu wa kubeba mbao begani, ndiye aliyeshindwa kuvuta pumzi mpaka akapelekwa hospitali kuwekewa oksijeni. Na wote walikuwa wakijifukiza kwa sufuria moja: majani ya mpera, mchaichai, tangawizi na konzi ya karafuu, blanketi likihama kutoka kichwa hiki kwenda kile.

Fundi alipona. Maneno ya barazani hayakupoa. Mmoja alisema kila mtu na damu yake, akanyamaza. Mwengine akaona hiyo haitoshi: kijana yule, bibi yake mzaa mama alikuwa Mhindi wa Wete, na damu ya Kihindi haihimili maradhi ya kifua, angelikuwa Mwafrika kamili asingelilala hata siku moja. Hakuna aliyeuliza mbona mama mwenyewe, aliye karibu zaidi na huyo bibi, alipita salama.

Kauli hizo mbili zinafanana kwa sauti, na watu wengi huzichukua kuwa moja. Ya kwanza ni kweli kuliko hata aliyeisema alivyodhani. Ya pili ni dhana tu iliyojificha nyuma ya ile ya kwanza, na kwetu Zanzibar ina historia mbaya.

Nianze na iliyo kweli. Mwaka 1988 watafiti wa Denmark walichapisha uchunguzi wa familia 960 za watu waliozaliwa miaka ya 1920 wakalelewa na wazazi wasiowazaa. Walitaka kujua: mtu akifa mapema, anamfuata aliyemzaa au aliyemlea? Kwa maradhi ya kuambukiza jibu liliwashangaza wengi. Aliyefiwa na mzazi wa damu kwa maambukizi kabla mzazi huyo hajafika miaka 50 alikuwa na hatari karibu mara sita ya kufa naye kwa maambukizi. Mzazi wa kulea akifa kwa maambukizi, hatari ya mtoto haikuongezeka hata kidogo. Na huyo wa kulea ndiye waliyekula sahani moja na kukoholeana usiku. Kwa saratani, nitaje kwa kupita, mambo yalikuwa kinyume chake: wa kulea ndiye aliyekuwa na uzito. Tumezoea kufikiri saratani ni ya ukoo na homa ni ya bahati tu, kumbe wale Wadenmark hawakuona hivyo kabisa.

Urithi huo unafanya kazi vipi? Kirusi kikiingia ndani ya seli, mwili kwanza unapaswa kujua kuwa umeingiliwa. Ndani ya seli zimo protini ambazo kazi yake ni kutambua chembe za urithi za kirusi, na zikishatambua, seli hutoa kitu kiitwacho intaferoni. Intaferoni ni mgambo: likilia, seli za jirani hujua kuna jambo, huanza kuzuia kirusi kujizalisha na huziita seli za kinga. Sasa, jeni zinazoliliza mgambo hilo ni nyingi, na kila mmoja wetu anazo kwa tofauti zake ndogo ndogo. La mtu mmoja hulia saa ile ile. La mwengine huchelewa, na kirusi hakimngoji mtu. Likichelewa mno, kinga huja yote kwa mkupuo wakati kirusi kimeshatapakaa, na hapo kinachoharibu mapafu si kirusi peke yake, ni pamoja na kinga yenyewe iliyopoteza kiasi.

Mwaka 2020 madaktari wa Uholanzi walipata mfano ulio wazi kuliko wowote. Vijana wanne, ndugu wawili wa familia moja na ndugu wawili wa familia nyengine isiyohusiana nayo, wa kati ya miaka 21 na 32, wote walikuwa wazima, na wote waliishia kwenye mashine ya kupumulia kwa korona. Mmoja alifariki. Walipochunguzwa jeni zao, wote wanne walikuwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo TLR7, moja ya zile zinazotambua kirusi na kuanzisha intaferoni. Jeni hiyo imo kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Mwanamke ana X mbili. Moja ikiwa na kasoro, nyengine humsitiri. Mwanamume anayo moja tu, na kaipata kwa mama. Kwa hiyo mama anaweza kuibeba kasoro hiyo maisha yake yote asijue, asiugue, na mtoto wake wa kiume akalazwa nayo.

Sisemi hicho ndicho kilichomsibu fundi wa Konde. Kasoro za namna hiyo ni nadra, na yeye hakupimwa. Lakini ni sababu tosha ya kutomcheka yule msemaji wa kwanza wa barazani. Mwaka huo huo timu ya kimataifa iliyoongozwa na Jean-Laurent Casanova iliwachunguza wagonjwa mahututi 659 wa korona na kuwakuta 23 kati yao na kasoro za kurithi kwenye njia hii hii ya intaferoni. Ni asilimia tatu na nusu. Kidogo, ndiyo. Ila hao walikuwa watu waliokwisha kuishi miaka yao bila ya kujua wana upungufu, mpaka kirusi kipya kilipowakuta.

Hizo ndizo kasoro nadra. Zipo pia tofauti za kawaida, zinazobebwa na mamilioni ya watu, na humo ndimo watu wanamopotelea.

Mashuhuri zaidi ni kipande cha kromosomu ya 3. Mwishoni mwa 2020 Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionesha kwamba kipande hicho, kinachoongeza hatari ya kuugua korona vibaya, kilitoka kwa binadamu wa kale wa Neanderthal, waliochanganya damu na mababu wa watu wa Ulaya na Asia makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. (Pääbo alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2022 kwa kazi yake ya jeni za binadamu wa kale.) Ulaya kinabebwa na karibu asilimia 16 ya watu. Asia ya Kusini ni karibu nusu, na Bangladesh asilimia 63 wanacho angalau kutoka kwa mzazi mmoja. Barani Afrika karibu hakipo.

Msemaji wa pili wa baraza ya Konde akisoma aya hiyo atasimama na kupiga makofi: si nilisema, damu ya Kihindi! Naomba akae, kwa sababu mbili.

Kwanza, hesabu. Nusu ya watu wa Asia ya Kusini wanacho, maana yake nusu hawanacho. Bibi wa Wete huenda alikuwa nacho, huenda hakuwa nacho. Kama alikuwa nacho kwa upande mmoja, binti yake alikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kukipata, na mjukuu, ikiwa hakuna mwengine wa kumpa, nafasi moja kati ya nne. Kumtazama kijana pua na nywele hakukuambii lolote juu ya kipande hicho. Na hata anayekibeba, hatari yake hupanda kwa kiasi cha mara moja na nusu hadi mbili, wakati umri peke yake humtenganisha mtu wa miaka 80 na kijana wa miaka 25 kwa mamia ya mara. Mzee wa Konde aliyerudi shambani ndiye aliyekuwa na hatari kubwa kuliko wote ndani ya nyumba ile. Hatari si hukumu.

Pili, Uingereza. Ripoti ya serikali ya Juni 2020 ilionesha watu wenye asili ya Bangladesh walikuwa na hatari ya kufa karibu mara mbili ya Waingereza weupe, na jeni ya Neanderthal ikaonekana kuwa jibu zuri. Lakini ripoti ile ile ilionesha watu weusi wa Uingereza nao walikuwa wakifa zaidi kuliko weupe, na hao kipande hicho karibu hawana kabisa. Kilichowaua basi si kromosomu ya 3. Walikuwa madereva wa basi, wahudumu wa hospitali, watu wanaoishi wengi katika nyumba ndogo, ambao hawakuwa na kazi ya kufanyia nyumbani. Na kama hayo yanaeleza vifo vya weusi, basi yanaeleza pia sehemu kubwa ya vifo vya Wabangladeshi, waliokuwa wakiishi mitaa hiyo hiyo na kufanya kazi hizo hizo.

Kipande hicho kina kituko kimoja zaidi. Mwaka 2022 Zeberg alichapisha kwamba wanaokibeba wana hatari ndogo kwa asilimia 27 ya kuambukizwa VVU. Kipande kile kile. Kinamponza mtu kwa kirusi kimoja na kumkinga kwa chengine. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema jeni nzuri na jeni mbaya, namuuliza: kwa maradhi gani, na mwaka gani?

Nije nyumbani. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao kwenye miji ya Waswahili, ikiwamo Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa waliouongoza walikuwamo Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia kutoka Kenya, na David Reich wa Harvard. Walikuta kwamba kwa wengi wa wale watu wa miji ya pwani zaidi ya nusu ya urithi wao ni wa Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na sehemu kubwa ya uliobaki ni wa Asia, mwingi wake kutoka kwa wanaume wa Kiajemi, pamoja na sehemu ya Kihindi. Mchanganyiko ulianza kiasi cha mwaka 1000. Baada ya 1500 upande wa Asia ukazidi kuwa wa Arabuni. Wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa wakibuni, na wanahistoria waliosema Uswahili ni wa Kiafrika hawakukosea.

Kwa mada yetu, uchambuzi huo una maana moja kubwa. Mtu wa pwani si mstari kwenye jedwali la "Mwafrika" wala la "Mwasia". Kila mmoja amechanganyika kivyake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kurithi vipande tofauti kutoka kwa babu mmoja. Hapa Unguja na Pemba mchanganyiko haukuishia kwa waliokuwa wakiishi Kilwa ya zamani. Wamekuja Waomani, Wahindi wa Gujarati, Wangazija, watu wa bara walioletwa kwa nguvu na waliokuja kwa kazi. Ukimuuliza mtu kabila lake, atakujibu kwa ukoo wa baba, au kwa anavyopenda, au kwa anavyoona ni salama siku hiyo.

Na hilo la usalama silisemi kwa mzaha. Sensa za wakoloni ziliwahesabu Wazanzibari kwa asili. Baina ya sensa ya 1924 na ya 1931 waliojiita Waswahili waliporomoka kutoka makumi ya maelfu hadi maelfu machache, na waliojiita Washirazi na Waarabu wakaongezeka, na hapakuwa na gharika wala tauni iliyowafagia Waswahili. Watu walikuwa wale wale. Jeni ya mtu haibadiliki kwa sababu karani wa sensa kabisha hodi tena. Baada ya hapo siasa za asili zilitufikisha tulikofika, na si haja ya kuyarudia hapa. Mtafiti anayekuja leo na fomu yenye kisanduku cha "kabila", akadhani kwa kisanduku hicho kaipima damu, anarudia kosa la wale makarani akiwa na kompyuta.

Kosa hilo liliwahi kugharimu roho. Mwaka 1793 homa ya manjano iliivamia Philadelphia, Marekani, na daktari mkubwa wa mji, Benjamin Rush, akatangaza kwamba watu weusi haiwapati. Kwa kauli hiyo akawataka wakauguze wagonjwa na kuzika maiti. Richard Allen na Absalom Jones, viongozi wa jumuiya ya watu weusi huru, waliitikia wakawakusanya wenzao. Weusi wakafa kwa mamia. Baadaye Rush mwenyewe alikiri kukosea. Alichokuwa amekisikia kina chembe ya ukweli: watu waliokulia kwenye maradhi hayo Afrika au visiwa vya Karibi mara nyingi walikuwa wameyapata utotoni wakabaki na kinga. Lakini hiyo ni kinga ya aliyeugua, si ya rangi. Waliozaliwa Philadelphia hawakuwa nayo. Mwaka 2020 mitaani kwetu watu wangapi walituambia korona ni ya Wazungu, ngozi nyeusi na jua haiziwezi?

Msomaji makini atanipinga hapa kwa Cuba, na ana haki. Katika milipuko ya kidingapopo (dengue) ya 1981 na 1997 kisiwani humo, madaktari waliona weusi wakipata ile homa kali ya kutoka damu kidogo kuliko weupe, na tangu hapo watafiti wamekuwa wakizisaka jeni zinazohusika. Mbili walizozitaja ni OSBPL10 na RXRA. Kwa hiyo asili si bure. Nakubali. Mababu walioishi na kirusi kwa vizazi vingi wanaweza kuacha alama kwa wajukuu. Ila tazama kazi ilivyoendelea: hawakuridhika na rangi, walikwenda kuitafuta jeni. Rangi iliwaonesha mahali pa kuchimba. Anayesimama kwenye rangi akasema keshafika ameacha kazi nusu. Na kwenye kidingapopo kipo kitu chengine chenye nguvu: kuugua mara ya pili kwa aina nyengine ya kirusi hicho ni hatari zaidi kuliko mara ya kwanza. Hiyo nayo haimo kwenye jeni, imo kwenye historia ya mwili wa mtu.

Mchanganyiko wetu, basi, ni tabu kwa mtafiti mvivu na ni hazina kwa mwenye bidii. Jeni iitwayo OAS1, inayosaidia kuvunja chembe za kirusi, ilijulikana kuwa na umbo linalowakinga watu na korona kali. Kwa Wazungu umbo hilo huja ndani ya kipande kirefu cha Neanderthal chenye tofauti nyingi zilizoshikana, na haikujulikana ni ipi hasa inayofanya kazi. Walipowatazama watu wenye asili ya Afrika, wakakuta tofauti moja tu kati ya hizo ikiwa peke yake, ya zamani kuliko Neanderthal, na kinga ni ile ile. Fundo likafunguka, na matokeo yakachapishwa 2022. Bila ya watu wenye asili ya Afrika kwenye hesabu, lisingelifunguka. Pamoja na hayo, katika tafiti kubwa za jeni na maradhi duniani, kwa hesabu iliyotolewa 2019, asilimia 78 ya waliochunguzwa walikuwa na asili ya Ulaya na asilimia 2 tu ya Afrika. Mpemba mwenye bibi wa Kihindi na babu wa Kitumbatu hayumo kwenye kundi lolote kati ya hayo.

Kwa wanaodhani visiwa vidogo havina cha kuwafunza wakubwa, nawapeleka Samoa. Mwaka 2022 iligundulika kwamba baadhi ya watu wa Polynesia ya magharibi wana kasoro ya jeni IFNAR1, ambayo bila yake seli haisikii intaferoni hata ikilia. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama pamoja, kirusi kisicho na neno kwa wengine, hata kile kilichodhoofishwa cha chanjo ya shurua, kinaweza kumuumiza vibaya. Kwengine kasoro kama hiyo ni nadra mno, lakini kisiwani huenea, kwa sababu mababu ni wachache na watu huoana kwa ukaribu. Sisi tunaooa binti ami, na ndoa hizo zina heri zake, tunapaswa kulisikia hilo bila ya kununa. Kasoro inayohitaji pande mbili huwapata zaidi watoto wa ndugu.

Ila Samoa ina nusu ya pili ya hadithi, na kwangu ndiyo nzito. Mwaka 2019, baada ya uchanjaji kuporomoka, shurua iliingia kisiwani ikaua watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Hao hawakufa kwa jeni. Walikufa kwa kukosa chanjo. Nikiambiwa nichague baina ya kumtafuta mtoto mmoja mwenye kasoro ya IFNAR1 na kuwachanja wote wa shehia, sitapoteza hata dakika kufikiri. Jeni ni elimu ya kuongeza juu ya chanjo na oksijeni, haiwezi kushika nafasi yao. Kiongozi yeyote atakayesema watu wetu "wana kinga ya asili" ili aahirishe kununua dawa, aulizwe ni jeni gani na ameipima wapi.

Kwamba majibu ya wengine hayaazimwi, Pemba wanajua kuliko wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulifanyika jaribio kubwa kwa watoto wadogo wa kisiwa hicho, la kuwapa vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki, kwa kufuata ushauri uliokuwa ukitolewa duniani kwa sehemu zenye upungufu wa damu. Watoto zaidi ya 24,000 walishiriki. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilibidi isimamishwe: waliopewa walikuwa wakilazwa na kufa zaidi, kwa kiasi cha asilimia 12, hasa kwa sababu ya malaria iliyokuwa imejaa wakati huo. Walipotazama kwa undani, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walifaidika. Wasiokuwa nao ndio walioumia. Kidonge kimoja, miili mbalimbali. Hilo halikuwa suala la jeni wala la virusi, lakini baada ya matokeo kutoka mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake, na dunia nzima ikajifunza kwa damu ya watoto wa Pemba. Waliotumia dawa za VVU miaka ya nyuma nao wana mfano wao: efavirenz, dawa iliyokuwa ikitolewa miligramu 600 kwa kila mtu, meza ukitaka kulala. Kiwango hicho hakikumzingatia mtu ambaye jeni yake ya CYP2B6 huivunja dawa hiyo polepole, na Waafrika wengi ni wa namna hiyo. Waliokuwa wakiamka usiku na kizunguzungu na ndoto za kutisha waliambiwa wavumilie.

Vitendea kazi si kwamba hatuna kabisa. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ipo Wawi, Chake Chake, tangu 2000, na kupitia mradi wa AMANHI imeshakusanya na kuhifadhi sampuli za akina mama wajawazito wa Pemba na watoto wao, sambamba na wenzao wa Bangladesh na Pakistan. Unguja ipo Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI. Kinachonikera ni mgawanyo wa kazi uliozoeleka katika tafiti za Afrika: sisi tunatoa damu na vijana wa kuchoma sindano, uchambuzi unafanywa kwengine, na shehia iliyotoa damu husikia matokeo kwa bahati, kama yatasikika. Kibali cha mradi ujao kinaweza kuandikwa vyengine. Nakala ya data ibaki hapa. Wahitimu wetu wakae kwenye meza ya uchambuzi tangu siku ya kwanza. Sheha aletewe maelezo ya kurasa mbili kwa Kiswahili kabla jarida halijachapisha, si baada ya miaka mitatu. Na kisanduku cha kabila kifutwe kwenye fomu, au kama lazima kiwepo, kiambatane na kuulizwa walikozaliwa babu na bibi wote wanne.

Lipo pia la kuanza nalo kesho, bila ya mfadhili. Kwenye fomu ya kumlaza mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza aliye chini ya miaka 50, liongezwe swali moja: yupo ndugu yako wa damu aliyelazwa au kufariki kwa maradhi ya namna hii kabla ya umri huo? Akijibu yupo, ichukuliwe damu kidogo kwa ridhaa yake, na ya mama yake kama yu hai, ihifadhiwe Wawi au Unguja. Swali la pili liulize kama wazazi wake ni ndugu. Muuguzi hatamaliza dakika mbili, na baada ya miaka mitano tutakuwa na daftari ya koo, za Konde, za Makunduchi, za Mji Mkongwe, ambayo hakuna mtafiti wa London wala Boston aliye nayo.